Simu Inayoonyesha Mikono



Katika sura ya 7 ya Injili ya Marko, Yesu analetewa mtu kiziwi aliyesema kwa shida. Kabla ya kumwambia neno lolote, anamtenga na umati, anatia vidole masikioni mwake, anamgusa ulimi, kisha anatazama juu mbinguni. Bwana alitanguliza mikono, kwa kuwa mtu yule asingesikia sauti. Historia ya viziwi, hadi simu za video za leo, inaonyesha jinsi wanadamu walivyochelewa kujifunza mwenendo huo.

Mjini Paris, katika karne ya 18, Padri Charles-Michel de l'Épée alikutana na dada wawili viziwi. Padri aliyekuwa akiwafundisha kwa picha alikuwa amefariki, na de l'Épée aliona uchungu kuwaza kwamba wangekufa bila kuijua imani. Wakati huo wengi walidhani kwamba asiyesikia hafundishiki. Yeye alijifunza ishara ambazo viziwi wa Paris walizitumia wao kwa wao, akajenga mafundisho yake juu yake. Shule yake iliwapokea maskini bila malipo, naye aliitumikia hadi kifo chake mwaka 1789.

Njia hiyo ilizibwa baadaye. Mwaka 1880 mkutano wa walimu mjini Milano uliamua kwamba viziwi wafundishwe kwa kusoma midomo na kutamka maneno. Katika shule nyingi ishara zilikatazwa, na watoto waliadhibiwa kwa kuzungumza kwa mikono yao.

Simu ilizaliwa katika miaka hiyohiyo. Alexander Graham Bell, aliyepata hataza yake mwaka 1876, alikuwa mwalimu wa viziwi. Mama yake alisikia kwa shida sana, na Mabel, mke wake, alikuwa kiziwi. Hata hivyo chombo chake kilibeba sauti tu, na mke wake mwenyewe hakuweza kukitumia. Ilipita karibu karne nzima. Mwaka 1964 Robert Weitbrecht, mwanafizikia kiziwi wa Marekani, alibuni kifaa kilichowezesha mashine za kuchapa kuandikiana kwa njia ya simu. Mwaka huohuo, katika maonyesho ya New York, kampuni ya AT&T ilionyesha simu yenye picha; ilikuwa ghali mno, haikuenea. Ni intaneti na kamera ndogo za simu za mkononi zilizowapa viziwi wengi nafasi ya kuzungumza wakiwa mbali, kwa lugha yao wenyewe.

Afrika nayo ilipata watumishi wake. Andrew Foster, kiziwi Mmarekani mweusi na mhubiri wa Kiprotestanti, alifungua shule nchini Ghana mwaka 1957, kisha nyingine nyingi barani, hadi alipofariki katika ajali ya ndege nchini Rwanda, jirani zetu, mwezi Desemba 1987. Huko Afrika Kusini, Cyril Axelrod, aliyezaliwa kiziwi, alipewa upadri mwaka 1970. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeifanya lugha ya ishara kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 49, inawapa watu wenye ulemavu haki ya kulindwa kwa namna ya pekee.

Na sisi je? Koltani ya Rubaya, katika Masisi, na bati la Bisie, katika Walikale, huingia ndani ya simu za dunia nzima. Lakini kijana kiziwi wa vilima hivihivi mara nyingi hana mtandao wala umeme. Na hata akiwa navyo, amwite nani? Wengi hawakupata shule. Wana ishara za nyumbani tu, ambazo mama na ndugu wachache huzielewa. Majirani humwita «bubu», na jina lake la ubatizo linasahaulika.

Vita vimeufanya upweke huo kuwa hatari. Risasi zinapolia, wengine hukimbia kwa kusikia. Yeye hukimbia akiona nyuso za wenzake zimebadilika. Jamaa wakitawanyika, simu ya video yaweza kumrudishia uso na mikono ya mama yake, na hilo ni jambo kubwa. Lakini kambini, mbele ya muuguzi, mgawaji wa chakula au katekista, simu haimsaidii ikiwa hakuna anayejua lugha yake. Chombo huonyesha mikono. Kuielewa ni kazi ya watu.

Kwa hiyo tuanze sisi. Kila kundi la vijana liwatafute viziwi wa parokia yake, lijue majina yao, lijifunze ishara zao kutoka kwao wenyewe, na wakati wa hatari mmoja wetu awe macho kwa ajili ya kila mmoja wao. Tayari tuna ishara moja tunayoifanya pamoja nao pasipo mkalimani: ile ya Msalaba.

Ya kutafakari pamoja:
1. Katika jumuiya yetu, ni nani aliye kiziwi, na jina lake ni nani?
2. Tukilazimika kukimbia usiku, nani atamwamsha?