Maracuja mu lupango: namna ya kuipanda na sababu inakufa mapema

Bukavu iko kwenye mita karibu 1.500 juu ya bahari, na baridi hiyo kidogo ndiyo maracuja ya zambarau inapenda. Ile ya manjano inataka joto. Inafaa zaidi kule Uvira na bonde la Ruzizi. Mwenye kununua mche aulize kwanza ni ya rangi gani.

Inapandwa Septemba, mvua ikirudi. Shimo la nusu mita, udongo uchanganywe na samadi iliyooza vizuri. Inaomba jua, nguzo mbili na waya. Kama nyumba zinabanana sana, sawa na mu Kadutu, mmea mmoja juu ya kloture inatosha. Lakini mtu asiitegemee kushika udongo wa mlima: mizizi yake iko juujuu tu.

Na mizizi ndiyo shida kubwa. Maji yakisimama pale chini, inaoza. Kwa hiyo mche unapandwa juu ya tuta, na mfereji unapitishwa pembeni. Kuna tena ukungu wa ndani ya udongo, unaoitwa fuzariozi. Majani yananyauka hata kama mvua inanyesha, na ukipasua shina karibu na udongo, ndani iko kahawia. Dawa ya kuponya hakuna. Watu wengi wanang'oa na kurudisha mche mupya mu shimo ile ile, nao unakufa. Feza na mwaka muzima vinapotea. Afadhali kuhamia pembe ingine, ao kutafuta zambarau iliyopandikizwa juu ya shina la manjano, sababu mizizi ya manjano inavumilia ugonjwa huo.

Matunda magumu kama mti, yenye maji kidogo, na majani ya madoadoa, hiyo ni virusi. Inaletwa na vidukari, na pia kisu. Kisu kisafishwe na javeli kabla ya kugusa mmea mwingine, mgonjwa ang'olewe.

Matawi yaliyozaa yanakatwa kisha mavuno, kwani maua yanatoka kwenye matawi mapya. Juni hadi Agosti, kumwagilia na kufunika udongo na majani makavu, bila kugusa shina.

Wakati wa maua, hakuna kupuliza dawa: nyuki ndio wanafanya kazi. Kisha miezi 2 ao 3 tunda linaiva na kuanguka lenyewe, linaokotwa kila asubuhi. Watoto wakatazwe kula yale mabichi ya kijani; yako na sumu.