Bei ya Mtungi wa Urwarwa

Katika vilima vya Buraza, Gitega, urwarwa, yaani pombe ya ndizi, zamani haukupimwa kwa faranga. Asiye na shamba alipewa ardhi, naye akawajibika kumpelekea mwenye ardhi mitungi ya pombe na kumlimia. Huo ndio ubugererwa. Ilikuwa bei ghali kupita zote, kwani haikuwa na kikomo wala stakabadhi. Aliyeshindwa kuilipa aliweza kufukuzwa.

Wakoloni walipodai kodi kwa fedha, mtungi nao ukaingia sokoni. Mwaka 1955 kiwanda cha Brarudi kikaanzishwa Usumbura, Bujumbura ya leo. Chupa ikauzwa kwa faranga, bila kuuliza shamba ni la nani. Hata hivyo ubugererwa haukuuawa na soko. Ulifutwa kwa amri ya serikali, mwaka 1977.