Mubirizi, Mti Mchungu wa Karagwe

Ndugu msomaji, wewe mtu wa pwani ukisikia dawa chungu, fikira zako huenda moja kwa moja kwenye mwarobaini, nao ni mgeni aliyetoka Bara Hindi. Leo nakutajia mti wa kwetu.

Ukifika Bugomora, wilaya ya Kyerwa iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, uulizie omubirizi. Ni mti mfupi, na watu huupanda hata kuwa ua wa shamba. Majani yake hupondwa yakakamuliwa, au yakachemshwa, akanywa mwenye homa au mwenye kusokotwa na tumbo, akapata nafuu. Uchungu wake usiuulize!

Misafara ya pwani ilifika Karagwe tangu miaka ya 1840, na makazi yao yakawa Kafuro. Stanley alipopita mwaka 1876 alimkuta huko Hamed bin Ibrahim. Lakini wazee wetu wale walifuata pembe za ndovu, na elimu ya majani ikabaki kwa wenyewe. Mimi naona hiyo ilikuwa hasara.

Mti huu huu umeota pia Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika, na Watongwe huuita mjonso. Mwaka 1987 Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe mjuzi wa miti, alikuwa porini pamoja na mtafiti Michael Huffman. Wakamwona sokwe jike aitwaye Chausiku, mgonjwa, amelegea, hana hamu ya kula. Akavunja kijiti cha mjonso, akakimenya, akatafuna moyo wake na kufyonza maji. Mohamedi akamwarifu mwenziwe kwamba hiyo ni dawa kali ya Watongwe. Kesho yake Chausiku alikuwa amepata nguvu. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1989, na baadaye maabara zikakuta ndani ya mti vitu vyenye kudhuru vimelea.

Basi nani aliyemfundisha mnyama yule? Soma Sura ya An-Nahl, uone Mwenyezi Mungu Mtukufu alivyomfunulia nyuki njia zake, na kinywaji chake kikawa na ponyo kwa watu. Huhitaji ramli wala hirizi katika jambo hili.

Lakini kutuliza si kuponya kila kitu. Malaria huua kwa siku chache. Homa ya mtoto ipimwe zahanati siku hiyo hiyo, na mja mzito asipewe mubirizi kabisa.