Muhuri wa wakati
nm [mihuri ya wakati] ngeli ya U-/I-. Tarehe na saa inayohifadhiwa kwa tarakimu katika hifadhidata ili kuonyesha tukio lilitokea lini: *2024-03-10 20:00:00*.

Matumizi: Hifadhidata huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, 00 hadi 23, Kiswahili huhesabu kuanzia mawio na machweo. Saa mbili asubuhi ni 08:00. Saa mbili usiku ni 20:00. PostgreSQL huhifadhi hadi tarakimu sita za visehemu vya sekunde, lakini usahihi huo haumfai aliyeandika 02:00 kwa saa mbili asubuhi: amekosea saa sita nzima.

Umbo la kuonyesha nalo hupotosha. Katika MySQL, saa 20:00 ikitolewa kwa alama ya %H huwa 20. Kwa %h huwa 08. Mfasiri akiona 08 pekee hawezi kujua kama ni asubuhi au usiku.

Tanbihi: Tarehe hubadilika saa sita usiku. Kwa 02:00 ya Jumapili andika “saa nane usiku wa kuamkia Jumapili”. “Usiku wa Jumapili” huleta utata.