Steji na Kituo

Mkaazi wa Komarock, mtaa wa mashariki ya Nairobi ambao hata jina lake limeishia kwa neno la Kiingereza la mwamba, ni nadra kusema kwamba yuaenda kituoni, husema yuaenda steji, na makanga aning'iniaye mlangoni mwa matatu, akipiga bati kwa kiganja, huuliza tu, "Wa steji wapo?" na kila abiria hufahamu muradi wake, ijapokuwa neno hilo limesafiri masafa marefu kuliko gari lenyewe.

Asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kusimama. Wafaransa walilifinyanga, na hata leo ghorofa ya nyumba huiita kwa neno la nasaba hiyo. Waingereza wakalitwaa, wakaita kwalo sakafu iliyoinuliwa, kisha jukwaa la waigizaji, hata katika karne ya 17, zama za magari ya abiria yaliyokokotwa na farasi, ikawa masafa baina ya mahali pa kubadilishia farasi na pengine yaitwa vivyo hivyo. Farasi walikwisha, neno likasalia kwa mabasi, ambayo nauli yake ilihesabiwa kwa vipande vya njia. Nayo kampuni ya mabasi ya Kenya Bus Service ilianza kazi Nairobi mwaka 1934. Matatu, zisemwazo kuwa zilipata jina kwa mapeni matatu ya nauli, Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu mwaka 1973 kuchukua abiria pasi na leseni maalumu, zikasimama pale pale yaliposimama mabasi.

Wala Kiswahili hakikuwa na upungufu. Kituo chatokana na kutua, nako kutua, kwa wapagazi wa misafara ya Bagamoyo na Tabora, kulikuwa kutua mzigo. Na washairi wetu huuita mshororo wa mwisho wa ubeti kituo, kwa kuwa hapo ndipo pumzi itulizwapo. Mwarabu naye mwendo wa siku moja wa msafara huuita marhala, neno la jamii ya kuondoka. Mmoja akatazama kusimama, mmoja kuondoka, na Mswahili akatazama kichwa kilichoelemewa. Nami, kwa upendeleo nisioukana, namuunga mkono Mswahili.

Jioni, mama muuza mboga hushuka Komarock, na gunia lake la sukuma wiki hufuata, likabwagwa vumbini na makanga mwenye haraka. Hunyoosha mgongo, hufunga leso upya kiunoni, kisha humpigia mwanawe simu: "Njoo unisaidie. Niko hapa steji."