Dkt Charles Huggins: Tabibu aliyefichua siri ya saratani ya tezi dume

KABLA ya mwaka 1941, mwanamume ambaye saratani ya tezi dume ilikuwa imeenea hadi mifupani hakuwa na tiba ya kutumainia. Aliumwa usiku na mchana, na tabibu hakuwa na la kumpa ila dawa za kutuliza maumivu.

Aliyebadilisha hali hiyo ni Dkt Charles Brenton Huggins, mzaliwa wa mji wa Halifax nchini Canada. Alizaliwa Septemba 22, 1901, akasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, na kufuzu mwaka 1924. Baada ya kupata mafunzo ya upasuaji katika Chuo Kikuu cha Michigan, alijiunga na Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1927.

Huko Chicago alitwikwa jukumu la kushughulikia maradhi ya njia ya mkojo, ingawa hakuwa amebobea katika taaluma hiyo. Ilimbidi ajifunze mwenyewe.

Utafiti wake ulianza kwa mbwa, mmoja wa wanyama wachache ambao tezi dume yao huvimba uzeeni kama ya binadamu. Tezi hii iko chini ya kibofu cha mkojo na hutoa majimaji yanayochanganyika na mbegu za kiume. Dkt Huggins alibuni njia ya kuyakusanya majimaji hayo bila kuchanganyika na mkojo, ili aweze kuyapima.

Aligundua kwamba mbwa alipohasiwa, majimaji yalikauka na tezi ikasinyaa. Alipodungwa homoni ya kiume, tezi ilirejelea kazi yake.

Wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba seli ya saratani hujitawala, haitii amri yoyote ya mwili. Dkt Huggins alijiuliza: je, huenda saratani ya tezi dume nayo hutegemea homoni zizo hizo?

Akishirikiana na wenzake, akiwemo Clarence Hodges, alitoa jibu mwaka 1941. Waliwaondoa korodani wagonjwa 21 waliokuwa katika hatua za mwisho, na wengi wao wakapata nafuu. Kipimo cha damu kilichofuatilia kimeng'enya kinachotokana na tezi hiyo kilithibitisha kwamba ugonjwa ulikuwa umerudi nyuma. Homoni za kike nazo zilikuwa na athari sawa na ya upasuaji.

Hata hivyo, hiyo haikuwa tiba ya kung'oa maradhi. Kwa wagonjwa wengi saratani ilirejea baada ya muda, na hali ni hiyo hadi leo. Lakini ilikuwa imebainika kwamba saratani inaweza kudhibitiwa kwa kuinyima homoni inayoilisha.

Mwaka 1951 Dkt Huggins alianza kuongoza Maabara ya Ben May katika chuo hicho, ambako utafiti wa saratani ya matiti pia uliendelezwa. Mwaka 1966, robo karne baada ya ugunduzi wake, alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Peyton Rous. Aliaga dunia Januari 12, 1997, akiwa na umri wa miaka 95.

Siku hizi zipo sindano na vidonge vinavyozima homoni hizo bila kisu. Katika mataifa mengi yenye uwezo mdogo, upasuaji wa kuondoa korodani ungali unatumika kwa kuwa ni nafuu na hufanywa mara moja tu.

Nchini Kenya, saratani ya tezi dume ni miongoni mwa saratani zinazowapata wanaume wengi zaidi. Wapo wanaoikwepa hospitali kwa kuona haya au kuhofia kupoteza uanaume, na hufika ugonjwa ukiwa umeshatambaa. Matibabu aliyoyaasisi Dkt Huggins huwapa wagonjwa kama hao muda na nafuu. Anayegunduliwa mapema, saratani ikiwa bado ndani ya tezi, ana nafasi kubwa ya kupona kabisa kwa upasuaji au miale.