Shaba ya Kilembe: Mgodi Ulifungwa, Mabaki Yakaendelea Kusafiri

KAMPALA. Mfanyabiashara anayetoka Kampala kwenda mpaka wa Mpondwe kupitia Kasese hupita karibu na mahali palipotoka moja ya bidhaa kubwa za Uganda baada ya kahawa na pamba. Bidhaa hiyo ni shaba. Haijasafirishwa tena kwa wingi tangu uchimbaji uliposimama, kufikia mwaka 1982. Hata hivyo, athari zake kwa maji, udongo na mimea bado zipo, na kila mvua kubwa ya Rwenzori huziamsha upya.

Makala hii inaeleza jinsi athari hizo zilivyotokea, kwa ajili ya wasomaji wetu wanaofanya biashara ya madini au wanaonunua samaki na mazao ya eneo hilo.

Kutoka mlimani hadi Mombasa

Mgodi wa Kilembe uko katika bonde la mto Nyamwamba, chini ya milima ya Rwenzori, juu kidogo ya mji wa Kasese. Ulianza uzalishaji mwaka 1956 chini ya wawekezaji wa Kanada. Mwaka huohuo reli kutoka Kampala ikafika Kasese, na mgodi ndio uliokuwa sababu kubwa ya kuijenga. Umeme ulikuwa tayari Jinja, kwenye bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954, hivyo kiwanda cha kuyeyushia shaba kikawekwa huko.

Safari ya shaba ilikuwa hivi. Mawe yalisagwa Kilembe, yakachanganywa na maji na kemikali mpaka chembe za shaba zikapanda juu na povu. Kilichokusanywa ni makinikia (neno ambalo wengi wetu tulilizoea mwaka 2017, Tanzania ilipozuia usafirishaji wake). Makinikia yalipanda treni, yakapita Kampala hadi Jinja, yakayeyushwa kuwa shaba ghafi, kisha ikapelekwa bandari ya Mombasa kwenda nje.

Kwa hesabu zinazotumiwa na wataalamu wa madini, mawe yaliyochimbwa ni tani zipatazo milioni 16, na shaba iliyopatikana ni zaidi ya tani 200,000. Katika kila tani 100 za mawe, shaba ilikuwa takriban tani 2. Nyingi kati ya zile nyingine 98 hazikupanda treni. Zilibaki bondeni kama mchanga na tope la mabaki, ambalo wachimbaji huliita visusu, na lilirundikwa kando ya mto kwa sababu bonde ni jembamba na hapakuwa na mahali pengine.

Mkoba wa pili: kobalti

Shaba ya Kilembe ilikuja pamoja na piriti, yaani madini ya chuma na salfa, na ndani ya piriti hiyo mlikuwa na kobalti. Wakati ule haikulipa kuitoa. Kwa hiyo piriti ilitengwa na kumwagwa Kasese, karibu na reli, ikisubiri bei nzuri. Lundo hilo lilikua hadi takriban tani milioni moja na likakaa wazi kwa miongo kadhaa.

Hapa ndipo madhara makubwa yalipoanza, na inafaa kueleweka vizuri kwa sababu jambo hilohilo hutokea kwenye migodi mingi ya shaba, dhahabu na makaa ya mawe. Piriti ikiwa chini ya ardhi haina shida. Ikitolewa nje ikakutana na hewa na maji ya mvua, salfa yake hugeuka kuwa tindikali ya salfa. Tindikali hiyo huyeyusha shaba, kobalti na metali nyingine zilizomo, na maji huzibeba. Hakuna haja ya mtu kumwaga sumu. Mvua peke yake inatosha. Wala kufunga mgodi hakuizuii kazi hiyo.

Maji ya lundo la Kasese yalitiririka kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Yalipopita, majani yalikufa na kukabaki ukanda mtupu wa ardhi ndani ya hifadhi, ambao watafiti walianza kuuandika tangu miaka ya 1970. Mbele yake kuna kinamasi, kisha Ziwa George, lililoorodheshwa mwaka 1988 kama eneo la kwanza la Uganda chini ya Mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu. Mafunjo ya kinamasi hunasa sehemu ya metali, jambo ambalo limelisaidia ziwa. Lakini ziwa lenyewe ni la kina kifupi, wastani haufiki mita 3, na maji yake hutoka kwa mfereji wa Kazinga kwenda Ziwa Edward, ambalo Uganda inagawana na Kongo. Maji hayaonyeshi hati ya kusafiria pale mpakani.

Usafi uliofuata bei

Mwaka 1999 kampuni ya Kasese Cobalt ilianza kulichakata lundo hilo. Ilitumia bakteria wanaokula piriti ndani ya matangi, yaani kile ambacho mvua ilikuwa ikifanya ovyo, sasa kikafanywa kwa mpango na kobalti ikauzwa nje. Bei ilipoanguka mwanzoni mwa miaka ya 2000 kiwanda kilisimama, kikaendelea baadaye, na kufikia katikati ya miaka ya 2010 kazi ya lundo ilikuwa imekwisha. Kwa maoni yetu hii ndiyo hatua bora zaidi ya usafi iliyowahi kufanyika Kasese, lakini ilifanyika kwa sababu kobalti ilikuwa na mnunuzi. Visusu vya Kilembe, ambavyo shaba yake ni kidogo mno, havikupata bahati hiyo.

Navyo ndivyo vinavyosumbua sasa. Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika, ukaharibu nyumba na sehemu ya hospitali ya Kilembe. Mafuriko yakarudi 2014, na Mei 2020 yakawa makali zaidi. Kila mara mto hukata kingo za marundo na kusambaza visusu kwenye mashamba ya chini. Tafiti zilizochapishwa katika miaka ya 2010 zilikuta shaba na kobalti kwa kiwango kisicho cha kawaida katika udongo wa bondeni, katika baadhi ya vyanzo vya maji na katika baadhi ya mazao yanayolimwa hapo. Wakazi wa nyumba za zamani za mgodi wanalima bustani zao juu ya ardhi hiyohiyo, maana hawana nyingine.

Upande wa Jinja hatutakaa sana. Kuyeyusha makinikia yenye salfa hutoa moshi wa dioksidi ya salfa na mabaki magumu kama kioo cheusi. Tanuri lilipozimwa moshi ulikwisha siku hiyo. Visusu haviko hivyo.

Nani anabeba mzigo

Mgodi ulisimama miaka 13 kabla ya sheria ya mazingira ya 1995 iliyounda NEMA, mamlaka yenye makao yake Kampala. Sheria mpya ya mazingira ya 2019 na ile ya madini ya 2022 zinamtaka mchimbaji afanye tathmini ya athari kabla ya kuanza na arekebishe ardhi anapoondoka. Marundo ya zamani yalitangulia sheria zote hizo.

Mwaka 2013 serikali iliukodisha mgodi kwa kampuni ya Kichina ya Tibet-Hima, mkataba ukavunjwa 2017. Mwaka 2025 Kilembe ilikabidhiwa kwa ubia wa Sarrai Group na Nile Fibreboard kwa mkataba wa kugawana uzalishaji. Anayetaka kununua shaba hiyo itakapotoka na aulize mambo mawili kabla ya bei: visusu vipya vitawekwa wapi katika bonde linalofurika, na vile vya zamani vimeandikwa kwa jina la nani.